Uzio, pazia la mwanga, skana au roboti shirikishi: ulinzi upi unafaa?

Muuzaji atakuwekea vifaa hivi mezani kana kwamba ni shati moja la rangi nne: uzio wenye geti, pazia la mwanga (safu ya miale ambayo mtu akiikata roboti inasimama), skana ya leza, na roboti shirikishi inayofanya kazi kando ya mtu bila uzio. Atakuuliza bajeti yako na ukubwa wa nafasi yako. Ni maswali ya maana, ila yana mahali pake, na mahali pake si mwanzoni. Kwanza jiulize: nani anaingia kwenye eneo la roboti, anafuata nini humo, na kwa zamu moja anaingia mara ngapi?

Tarehe 25 Januari 1979, Robert Williams aliuawa na mashine ya kusogeza mizigo katika kiwanda cha Ford cha Flat Rock, Michigan, Marekani. Alikuwa amepanda rafuni kuchukua vyuma. Mwaka 1981 huko Akashi, Japani, fundi wa matengenezo Kenji Urada aliuawa na roboti katika kiwanda cha Kawasaki, akiwa ameingia ndani ya uzio huku roboti haijazimwa ipasavyo. Wote wawili walikuwa na shughuli ya kawaida kabisa mle ndani. Hatari ya roboti imejificha hapo: ikisimama kimya, huenda imezimwa, na huenda inangoja tu ishara kutoka kwenye konveya. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ishara ikifika, mkono unaondoka bila kupiga hodi.

Uzio wenye geti

Huu ndio wa zamani kuliko wote, na kwa roboti nzito bado ndio ninaoupendelea. Sababu kubwa haitajwi sana kwenye mauzo: uzio unazuia pande zote mbili. Unamzuia mtu asiingie, na unazuia kitu kisitoke. Kishikio kikiachia kipande cha kilo 12 katikati ya mzunguko wa kasi, pazia la mwanga litakitazama kikipita. Vivyo hivyo cheche za kulehemu, vipande vya jiwe la kusagia, na mwanga mkali wa tao la umeme, ambao unahitaji paneli zisizopitisha mwanga badala ya wavu.

Uzio unaosimama peke yake, hata hivyo, ni nusu ya ulinzi. Nusu ya pili ni geti. Kuna geti lenye swichi tu: ukilifungua, roboti inaamriwa kusimama. Na kuna geti lenye kufuli la umeme: unaomba kuingia kwa kubonyeza kitufe, roboti inamaliza hatua yake na kusimama, kisha ndipo kufuli linaachia. La pili ni ghali zaidi. Lakini kama roboti inachukua sekunde moja na zaidi kusimama na geti liko karibu na mkono, la kwanza halikulindi, kwa kuwa utakuwa umeshafika kabla mkono haujatulia. Isitoshe, kuikatiza roboti ghafla kila mara kunaharibu kazi na kuchosha breki.

Sasa tatizo la uzio. Ukiweka geti mahali ambapo opereta anatakiwa kuingia mara 40 kwa zamu kuondoa kipande kilichokwama, usishangae siku moja ukikuta ulimi wa akiba (kile kipande cha geti kinachoingia kwenye swichi likifungwa) umechomekwa kwenye swichi na geti liko wazi huku roboti inazunguka. Wengi wataita huo utovu wa nidhamu. Mimi kwanza namuuliza aliyechora mpangilio. Swichi zenye msimbo zinapunguza ujanja huo, maana hazikubali ulimi wowote usio wake, lakini dawa yenyewe ni kuondoa sababu ya kuingia: rekebisha konveya inayokwamisha, au weka dirisha la kutolea kipande kwa nje.

Mambo mawili ya kukagua kabla ya kusaini mapokezi ya uzio. Kitufe cha kuruhusu kuanza upya kiwe nje, mahali ambapo anayekibonyeza anaona eneo lote, na aliye ndani asiweze kukifikia. Na kwa ndani kuwe na njia ya kufungua geti bila ufunguo wala umeme, kwa ajili ya aliyefungiwa.

Pazia la mwanga

Pazia linafaa pale ambapo mikono inaingia na kutoka kila dakika: opereta anapakia kipande, anarudi nyuma, roboti inakichukua. Hakuna geti la kusukuma, hakuna kisingizio cha kuchomeka ulimi. Mtu akikata miale, roboti inasimama.

Inasimama, lakini baada ya muda. Hapa ndipo wengi wananunua kifaa sahihi na kukifunga mahali pabaya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13855 kinatoa hesabu ya umbali kati ya pazia na hatari: kasi ya mwili mara muda wa kusimama, ukijumlisha nyongeza inayotegemea ukubwa wa kitu kidogo kabisa ambacho pazia linaweza kukiona. Kasi ya mkono huchukuliwa kuwa milimita 2000 kwa sekunde, na jibu likizidi milimita 500 unaruhusiwa kurudia hesabu kwa milimita 1600 kwa sekunde, mradi usishuke chini ya 500. Nyongeza ni mara 8 ya tofauti kati ya uwezo wa pazia na milimita 14.

Tuifanye. Roboti, kontrola na pazia kwa pamoja vinachukua sekunde 0.5 tangu mwale ukatwe mpaka mkono utulie. Pazia linaona kitu cha milimita 30. Kwa 2000 tunapata 1000 na ziada, kwa hiyo tunarudia kwa 1600: 800, jumlisha 128, sawa na milimita 928. Karibu mita moja. Ukilifunga pazia hilo sentimita 40 kutoka kwenye kishikio kwa sababu nafasi ni finyu, umenunua taa za mapambo. Na hesabu hii inachukulia kwamba mtu hawezi kupitisha mkono juu ya pazia. Akiweza, kuna umbali wa kuongeza.

Huo muda wa kusimama nao usiuchukue kwenye tangazo. Mwongozo wa roboti huwa na majedwali ya muda na umbali wa kusimama kwa mizigo, kasi na mikunjuo tofauti. Soma mstari wa mzigo kamili, kasi kamili, mkono umenyooka. Halafu jumlisha muda wa pazia lenyewe na wa kontrola ya usalama. Ukibadilisha kishikio kwa kizito zaidi mwaka kesho, hesabu inaanza upya.

Pazia lina upofu mmoja: linamwona mtu anapopita tu. Akishapita na kusimama kati yake na roboti, miale iko salama na pazia linasema hakuna mtu. Mwenzake akibonyeza kitufe cha kuanza upya kwa nje, ndiyo hivyo. Kama nafasi ya nyuma ya pazia inatosha mtu kusimama, pazia pekee halitoshi. Ongeza kitu cha kuona sakafu.

Skana ya leza

Kitu chenyewe cha kuona sakafu ndicho hiki. Skana inafungwa chini, kwa kawaida karibu na usawa wa kifundo cha mguu au ugoko, na inafagia eneo kwa mwale. Unachora eneo la onyo, ambapo roboti inapunguza kasi, na eneo la ulinzi, ambapo inasimama. Unaweza kubadilisha maeneo kadiri roboti inavyohama upande mmoja hadi mwingine. Inaona mtu anapoingia na inaendelea kumwona akiwa ndani, jambo ambalo pazia halifanyi.

Bei yake halisi inalipwa kwa sakafu. Mtu akisogea sambamba na eneo linaloonwa chini, mguu ukionekana, mkono umeshatangulia mbele. Kwa hiyo nyongeza ni kubwa: 1200 kutoa mara 0.4 ya urefu wa skana kutoka sakafuni. Kwa skana iliyofungwa milimita 300 juu, nyongeza ni 1080. Linganisha:

| Muda wote wa kusimama | Pazia la mm 14 | Pazia la mm 30 | Skana kwenye urefu wa mm 300 |
|---|---|---|---|
| Sekunde 0.2 | mm 400 | mm 500 | mm 1400 |
| Sekunde 0.5 | mm 800 | mm 928 | mm 1880 |
| Sekunde 1.0 | mm 1600 | mm 1728 | mm 2680 |

Kwenye safu ya skana bado utaongeza kosa la vipimo la skana yenyewe, ambalo mtengenezaji ameliandika. Anayesema skana inaokoa nafasi kuliko uzio hajaichora sakafuni. Inachookoa ni vizuizi, ili toroli na foklifti zipite roboti ikiwa imesimama.

Vumbi, mvuke na ukungu wa mafuta humsumbua huyu kuliko wenzake. Huwa anakosea kwa upande wa usalama, yaani anasimamisha roboti bila sababu, na hilo ni jema mpaka wafanyakazi wachoke na kuanza kupunguza eneo la ulinzi kidogo kidogo. Weka nywila ya mpangilio kwa watu wachache.

Roboti shirikishi

Hapa ndipo penye ahadi kubwa na maelewano madogo. Roboti yenye kikomo cha nguvu inahisi mguso na kusimama. Hati ya ISO/TS 15066 ya mwaka 2016 iliweka vikomo kwa kila sehemu ya mwili kwa hali ya kubanwa: mkono na vidole nyutoni 140, kifua 140, uso 65. Kwa kugongwa na kuachiwa, sehemu nyingi zinaruhusiwa mara mbili ya hapo, lakini kichwa na uso haviruhusiwi kugongwa hata kidogo. Soma hiyo tena kama meza yako ya kazi iko usawa wa kidevu cha opereta aliyeketi.

Kinachosahaulika ni kwamba usalama huo ni wa kazi nzima, wala si wa mkono wa roboti peke yake. Roboti mpole iliyoshika bati lenye makali ni panga linalotembea polepole. Nguvu ikigawanywa kwenye ncha ndogo, shinikizo linapanda hata kama nyutoni ni zile zile, ndiyo maana hati ina vikomo vya shinikizo pia, na ndiyo maana vipimo vinafanywa kwa kifaa maalumu pale pale kiwandani, na kishikio na kipande vikiwa vimefungwa. Matokeo ya kawaida: unapunguza kasi hadi vikomo vitimie, halafu unagundua roboti sasa inafanya kazi polepole kuliko mtu uliyetaka imsaidie.

Inapofaa, inafaa kweli. Kukaza skrubu ndogo, kupanga vipande vyepesi vya plastiki vyenye kona za mviringo, kumshikia fundi kitu wakati anaunganisha. Kwa kazi ya kasi, nzito au yenye makali, kununua roboti shirikishi na kuizungushia uzio ni kulipia upole usioutumia.

Basi uchague nini

Kama watu wanaingia mara chache na roboti ni kubwa, au kuna chochote kinachoweza kurushwa: uzio na geti lenye kufuli. Kama mikono inaingia kila mzunguko upande mmoja: uzio pande tatu na pazia upande wa nne, kwa umbali uliohesabiwa, na skana nyuma yake kama nafasi inatosha mtu kusimama. Kama mizigo inaingizwa kwa toroli na sakafu ni pana: skana. Roboti shirikishi iwe jibu pale tu ambapo mtu na roboti wanahitaji kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kama wanapokezana, pazia litakupa kasi zaidi kwa fedha kidogo zaidi.

Kitufe chekundu, geti na kufuli: havibadilishani

Ulinzi wowote utakaochagua, utakuja na njia za kusimamisha, na hizi ndizo zinazochanganywa kuliko yote.

Kitufe cha dharura, kile chekundu chenye umbo la uyoga juu ya rangi ya njano, ni cha wakati mambo yameshaharibika. Ukikibonyeza kinabaki chini. Ukikizungusha kirudi juu, mashine haitakiwi kuondoka yenyewe. Lazima mtu atoe amri nyingine. Kisitumike kusimamishia kazi wakati wa mapumziko, na kisihesabiwe kama kinga, kwa kuwa kinahitaji mtu awe na mkono huru, akili tulivu, na awe ameona hatari kabla haijamfikia.

Geti au pazia linasimamisha roboti kwa ajili ya kuingia kwa muda mfupi kwa kazi ndogo iliyokubaliwa. Umeme bado uko kwenye kabati, hewa bado iko kwenye mabomba, na kilichosimama kati yako na mkono ni mfumo wa kontrola. Kwa kuokota kipande, unatosha ikiwa umejengwa kwa kiwango cha usalama. Kwa kubadilisha mota, hautoshi.

Kufuli na lebo ndiyo njia ya matengenezo. Zima kwa utaratibu, zungusha swichi kuu, tia kufuli lako, ufunguo mfukoni mwako, lebo yenye jina lako. Toa hewa kwenye mabomba. Tegemeza mkono ikiwa utafungua mota au breki. Subiri muda ulioandikwa kwenye mlango wa kabati, kwa kuwa kapasita za ndani hubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Kisha jaribu kuwasha, ili uone haiwaki. Mkiwa mafundi watatu, kufuli ni tatu. Marekani kanuni hii iko kwenye sheria ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini, namba 1910.147 tangu 1989, na viwanda vingi duniani vinaifuata kwa maudhui hata pasipolazimishwa.

Kuna hali moja isiyoingia kwenye boksi lolote: kufundisha roboti nukta zake ukiwa ndani, umeme ukiwa umewashwa. Hapo kinga yako ni pendanti, kidhibiti cha mkononi cha kuiendeshea roboti. Roboti inafungwa kwenye kasi isiyozidi milimita 250 kwa sekunde, na nyuma ya pendanti kuna swichi ya nafasi tatu: ukiiachia, roboti inasimama, ukiishika katikati, inatembea, ukiibana kwa nguvu, inasimama tena. Nafasi ya tatu ipo kwa sababu mtu aliyeshtuka huenda akaachia, na huenda akakaza ngumi. Usikubali mwenzako akae ndani bila swichi yake. Na milimita 250 isikulevye: kwa sekunde mbili ni nusu mita, inatosha kukubana kwenye nguzo. Panga mahali pa kusimama ambapo nyuma yako pako wazi.

Mtu akibanwa

Jambo hili lilinganishwe kabla ya kununua, maana roboti zinatofautiana sana hapa na karibu hakuna anayeuliza.

Kitufe chekundu kitasimamisha roboti, na breki zitaishika pale pale ilipo, yaani ikiwa bado imembana mtu. Kukibonyeza hakumtoi. Kuna njia mbili za kumtoa. Moja ni kuisogeza roboti kwa umeme, polepole, kwa pendanti, na anayeisogeza awe mtu anayejua jointi ipi inazunguka upande upi. Asiyejua atambana zaidi. Nyingine ni kuachia breki kwa vitufe vilivyo kwenye kontrola au kwenye kitako cha roboti, kimoja kwa kila jointi, na kuusukuma mkono kwa nguvu za watu. Kwenye roboti nyingi za mkono, jointi ya pili na ya tatu ndizo zinazobeba uzito. Ukiachia breki yake bila kuutegemeza mkono, mkono huo unaanguka, na kama mtu yuko chini yake unamwangukia. Kwa hiyo winchi na mkanda kwanza, au gogo imara chini ya mkono, ndipo breki. Baadhi ya roboti ndogo shirikishi zinaweza kusukumwa kwa mkono bila kitufe chochote, na hiyo ni alama ya kweli upande wao.

Muulize muuzaji: vitufe vya breki viko wapi, vinafanya kazi umeme mkuu ukikatika, na kishikio cha hewa kitaachia au kitaendelea kushika? Kishikio cha vakyumu hudondosha mzigo hewa ikikatwa; cha springi huendelea kubana. Majibu yaandikwe kwenye kadi, lugha ya wanaofanya kazi hapo, ibandikwe nje ya uzio karibu na geti, si ndani ya kabati lenye ufunguo. Zoezi la kumtoa mtu, kwa kutumia mwanasesere au gunia, lifanywe na kila zamu, ikiwemo ya usiku ambayo mara nyingi haina fundi mkuu.

Majeruhi akishatoka na huduma ya kwanza ikiendelea, mtu mmoja asimame kwenye kontrola na asiruhusu yeyote kubonyeza kitufe cha kuanza upya. Ujumbe ulio kwenye skrini, mkao wa mkono, nafasi ya swichi ya geti na ya pendanti vipigwe picha kwanza. Kontrola nyingi hufuta ujumbe wa hitilafu kutoka kwenye skrini pale tu inapowekwa upya, na kilichobaki kwenye kumbukumbu huenda kisionyeshe geti lilikuwa katika hali gani dakika ile.